Nyumba ya safu (iliyoungana na za jirani) ya miaka ya 1890, Leicester, Uingereza: kuzuia baridi nianzie wapi?

Swali: Wakuu, kuta ni tofali tupu za inchi 9, hazina uwazi katikati. Sakafu ya chini ni ya mbao. Nianze na kuta?

Jibu: Hapana mkuu, anza darini, ndiko rahisi. Tandaza sufi ya madini (blanketi la nyuzi la kuzuia baridi) milimita 100 kati ya boriti, kisha 170 kukatiza juu yake. Ukingoni mwa paa acha upenyo wa milimita 50 hewa ipite, la sivyo mvuke utageuka maji kwenye mbao.

Jibu: Sakafuni, sufi ikae kati ya boriti ikishikiliwa na wavu. Matofali ya matundu yaliyo nje usiyazibe kamwe. Hewa isipopita chini, mbao zinaoza.

Jibu: Kuta mwisho, baada ya kumaliza unyevu. Kagua mifereji ya mvua, na kama viungo kati ya matofali vimezibwa kwa saruji, vikwangue ujaze chokaa. Ndani weka bodi za nyuzi za mbao, milimita 40 hadi 60, na lipu ya chokaa. Tamaa ya unene ndiyo inayoharibu: tofali linabaki baridi na ncha za boriti zilizoingia ukutani zinaoza. Ukuta mnaoshiriki na jirani uache ulivyo.

Swali: Na madirisha?

Jibu: Mpira wa kuziba nyufa kwanza. Madirisha ya vioo viwili viwili baadaye, ni ghali.