Kwa nini Bordeaux hupanda Cabernet upande mmoja na Merlot upande wa pili?

Mkulima wa Hombolo
Wadau wa zabibu, naomba kueleweshwa. Nimesoma kwamba huko Bordeaux, Ufaransa, upande wa Médoc hutawaliwa na zabibu za Cabernet Sauvignon, ilhali Saint-Émilion na Pomerol, ng'ambo ya pili ya mto, hutawaliwa na zabibu za Merlot, ingawa mvua na jua havitofautiani sana. Shamba langu lina kichanga mlimani na udongo wa mbuga (mfinyanzi mweusi) bondeni. Je, nami nigawe aina?

Mpogoaji
Ndugu, tazama maji na joto la ardhi kabla ya kutazama kitu kingine. Médoc ina changarawe zilizosombwa na mito tangu zama za kale. Maji hupenya upesi, mawe hutunza joto la mchana, na Cabernet, ambayo huchelewa kuiva, huwahi kukomaa kabla mvua za Oktoba hazijaiharibu. Ng'ambo ya pili mfinyanzi na chokaa hushika maji na kubaki na ubaridi, kwa hiyo Cabernet ya huko mara nyingi huvunwa ikiwa na ukakasi na harufu ya majani mabichi, wakati Merlot huiva mapema bila taabu. Hata hivyo Merlot huchipua mapema pia, na jalidi (baridi inayogandisha) ya Aprili 2017 iliunguza machipukizi mengi. Ndiyo sababu mojawapo ya wao kuchanganya mvinyo wa aina zote mbili.

Kwetu Dodoma hoja ya kuwahi mvua za Oktoba na baridi haipo. Msimu tunautengeneza kwa mkasi wa kupogolea, na tunavuna mara mbili kwa mwaka.

Msindikaji wa mchuzi wa zabibu
Nakubaliana, ila usiifananishe mbuga yetu na mfinyanzi wa Pomerol: mbuga hutuamisha maji wakati wa mvua, kisha hupasuka kiangazi na kukata mizizi. Bordeaux hupata zaidi ya milimita 900 za mvua, zikisambaa mwaka mzima. Dodoma hupata kati ya 500 na 600, karibu zote kuanzia Desemba hadi Aprili, kwa hiyo mavuno ya Februari na Machi ndiyo yanayosumbuliwa na ubwiri, ugonjwa wa ukungu. Kichangani ningepanda Chenin Blanc, zabibu nyeupe yenye asili ya bonde la Loire huko Ufaransa, kwa kuwa hutunza uchachu hata kwenye joto.

Mkulima wa Hombolo
Ahsanteni. Chenin itakaa mlimani. Bondeni nitapanda mtama.