Kulala kwenye hema kisiwa cha Saanane, Mwanza, nani ameshawahi?

Wakuu habari, niko Nyegezi na washkaji tunataka wikiendi moja tulale nje kando ya Ziwa Victoria, hema tunalo, je Saanane inafaa au tutafute ufukwe tu huku huku?

Mlala_Mwambani: Saanane poa sana mkuu, boti ni hapo hapo Capri Point dakika chache tu, imekuwa hifadhi ya taifa tangu 2013 kwahiyo ongea na TANAPA (shirika la hifadhi za taifa) kabla, usijiendee tu. Ila pale ni mawe aisee, hifadhi nzima pamoja na maji yake ni kilometa mbili za mraba na kidogo halafu miamba kibao, vigingi haviingii, beba kamba ndefu ufunge kwenye mawe makubwa. Na chakula fungia, pimbi hawana adabu.

Dagaa_Mkavu: Ufukwe wa bure usilale karibu na maji, kiboko anatoka usiku kula majani na hema lako haliheshimu. Kuogelea pia angalia, kichocho kipo.

Muulizaji: Asante wakuu, vipi mvua?

Mlala_Mwambani: Radi za ziwani zinapenda usiku kuelekea alfajiri, funika hema vizuri bwana.