Kuhamisha hesabu za duka kwenda klaudi: tuanzie wapi?

Nondo_Mwanza
Wakuu, habari zenu. Duka ni la vifaa vya ujenzi, limesajiliwa VAT. Hesabu zote ziko kwenye QuickBooks (programu ya hesabu) ya kompyuta moja ofisini: wateja wa mkopo 60, bidhaa kama 900. Tunataka kuhamia klaudi (programu ya hesabu inayotumika kwa mtandao) Januari 1 ili bosi aone hesabu hata akisafiri. Tuhamishe miamala ya miaka yote? Na usalama ukoje? Kuna anayeshauri tuweke tu faili la QuickBooks kwenye folda ya Google Drive, yaishe.

Leja_Kuu
Hilo la Drive achaneni nalo kabisa. Faili la hesabu huandikwa muda wote programu ikiwa wazi. Watu wawili wakilifungua kwenye mashine mbili, mnabaki na nakala mbili zinazopingana, au faili lisilofunguka. Cha kupandisha huko ni bekapu tu, baada ya kufunga programu.

Miaka yote msihamishe, hamisheni salio anzia, yaani kiasi kilichobaki kwenye kila akaunti mnapofunga hesabu za zamani. Fungeni Desemba kwanza: suluhisheni benki na pesa za simu (vitabu vyenu vilingane na taarifa zao), hesabuni stoo, chapisheni urari (orodha ya salio za akaunti zote) wa Desemba 31. Salio anzia mziandike kwa tarehe hiyo hiyo, si Januari 1. Mwaka wenu wa hesabu ukiisha Desemba, mapato na matumizi yanaanza na sifuri. Mngehamia Julai, mngelazimika kubeba na ya miezi sita.

Wadaiwa ndipo wengi wanapoharibu. Wanapandisha ankara ambazo hazijalipwa moja moja, programu inajenga yenyewe salio la wadaiwa, halafu mtu anaandika tena salio lile lile kutoka kwenye urari. Deni linakuwa mara mbili. Upande wa pili wa kila ankara mpeleke kwenye akaunti ya muda, ya kupitishia salio tu. Wadai, stoo, benki na mtaji vivyo hivyo. Vyote vikishaingia, akaunti hiyo lazima isome sifuri. Ikibaki hata shilingi 500, itafuteni kabla ya kuandika mauzo ya kwanza.

Nondo_Mwanza
Asante mkuu. Hizo ankara za zamani zipandishwe na VAT yake?

Ritani20
Hapana. Pandisheni jumla pamoja na kodi ndani yake, lakini msimbo wa kodi uwe "hakuna". VAT yake ilishaingia kwenye ritani (taarifa ya kodi ya kila mwezi) ya mwezi ankara ilipotolewa. Mkiweka 18%, baadhi ya programu huvuta kila muamala ambao hazijauona kwenye ritani iliyopita, na Februari 20, kwenye ritani ya Januari, mtalipa kodi ile ile mara ya pili.

Angalieni pia Excel. Safu za simu na TIN (namba ya mlipakodi) zifanyeni maandishi kabla ya kubandika data, la sivyo sifuri ya mwanzo ya namba ya simu inapotea. Tarehe ni mbaya zaidi: programu ikiwa kwenye mpangilio wa Marekani, 03/01 inasomwa Machi 1 bila kulalamika, ila 13/01 inakataliwa. Mkiona baadhi ya mistari imekataliwa, msiiamini hata ile iliyokubaliwa. Jaribuni mistari 10 kwanza.

EFD (mashine ya risiti za kodi) inabaki pale pale. Kila jioni linganisheni ripoti Z (jumla ya mauzo ya siku kutoka kwenye mashine hiyo) na mauzo yaliyoingia klaudi.

Kufuli
Kwenye usalama: akaunti kuu iandikishwe kwa barua pepe ya mwenye duka, kamwe isiwe ya mhasibu binafsi. Akiondoka, anaondoka na funguo. Kila mtu awe na paswedi yake, na karani wa mauzo asiweze kufuta ankara wala kugusa mwezi uliofungwa.

Washeni uthibitisho wa hatua mbili, lakini kwa programu ya misimbo, si SMS. Tapeli akifanikiwa kuhamishia laini yako kwenye kadi nyingine, SMS zote zinakwenda kwake. Misimbo ya dharura ichapishwe, ifungiwe kabatini.

Kila mwisho wa mwezi shusheni leja kuu, urari, wadaiwa na wadai kwa Excel na PDF, mhifadhi nje ya klaudi hiyo. Msipolipia usajili mnaweza kufungiwa mlango. Faili la zamani nalo msilifute: Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya 2015 inadai kumbukumbu za miaka 5. Hifadhini faili, kisakinishi na namba za leseni kwenye diski mbili, kisha jaribuni kulifungua kwenye kompyuta nyingine kabla ya kuigawa ile ya zamani.