Kioo cha umeme kimegoma kupanda: mota ya mtumba, mashine mpya, au nirudi kwenye cha kuzungusha?

BintiGungu
Habari za jioni wakuu. Naombeni ushauri wa haraka. Kioo cha gari yangu kimegoma kupanda tangu Jumapili na mvua ndiyo hizi zimeshaanza huku Kigoma. Fundi wa kwanza, pale Mwanga, kasema mota imekufa, niagize ya mtumba Dar, elfu 60 mpaka inifikie. Wa pili kasema nisihangaike na mtumba, ninunue mashine mpya nzima ya kupandisha kioo, laki moja na thelathini. Mjomba wangu yeye anataka ning'oe huo umeme wote nifunge cha kuzungusha kwa mkono, yaishe. Nichukue njia ipi? Kwa sasa nimeziba kwa nailoni na selotepu, na jana usiku maji yameingia mpaka kwenye kiti.

Chuma_Reli
Pole sana. Lakini umetuambia kioo tu. Gari gani? La mwaka gani? Mlango upi? Ukibonyeza swichi unasikia mlio wowote ndani ya mlango au kimya kabisa? Vioo vingine vinapanda? Bila hayo kila mtu hapa atakutibu ugonjwa wake mwenyewe.

Dereva_Makere
Mkuu, msikilize mjomba wako. Nimeendesha Land Cruiser za mashirika kambini Nyarugusu miaka mingi, zile pikapu za vioo vya kuzungusha. Vumbi la kiangazi, tope la masika, na sikumbuki hata siku moja kioo kikanilaza njiani. Cha mkono kikikwama unakiona kimekwama wapi. Cha umeme kikikwama unaanza kutafuta waya.

Kaka_Katubuka
Mtumba. Mota ya mtumba kutoka Japani inaipita mpya ya bei rahisi kila siku. Hilo halina mjadala.

BintiGungu
Samahani wakuu, nilikuwa na haraka. Gari ni Carina TI ya 1999. Kioo ni cha abiria wa mbele, kushoto. Vingine vitatu vinafanya kazi vizuri. Hiki kilianza kuwa kizito miezi mingi iliyopita, kilikuwa kinapanda polepole mpaka nikivute kwa viganja. Sasa nikibonyeza ni kimya. Ila juzi nilifunga mlango kwa nguvu huku mwanangu akiwa ameshika swichi, kikashtuka kama inchi moja kikasimama tena.

Fundi_Waya_Tabora
Dada, hilo la mlango ulilolisema mwisho ndilo kubwa kuliko yote. Kioo kinachoshtuka mlango ukipigwa kinakwambia umeme unafika na kukatika. Sehemu za kutilia shaka ni mbili. Ya kwanza ni kaboni ndani ya mota, vile vipande vinavyopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka: zikiisha hazigusi vizuri, ukizitikisa zinagusa kidogo. Ya pili ni waya ndani ya ile raba nyeusi kati ya mlango na bodi, karibu na bawaba. Pale waya unakunjwa kila mlango ukifunguliwa, na gari ina miaka zaidi ya 20. Unaweza kukatika ndani na ganda la nje likabaki zima.

Fyuzi iache. Ingekuwa fyuzi, vioo vyote vingelala pamoja. Kabla hujamlipa mtu shilingi, kwanza angalia kile kitufe cha kufungia vioo kwenye swichi za dereva, kisije kikawa kimebonyezwa. Pili, jaribu kupandisha kioo hicho kwa swichi ya dereva, kisha kwa swichi ya mlango wenyewe. Kikikubali kwa moja tu, tatizo ni swichi. Kikikataa kote, fundi afungue kava la mlango, achomoe soketi ya mota na kuipelekea umeme wa betri moja kwa moja. Nyaya zake mbili: ukizigeuza, mota inageuza mwelekeo. Ikizunguka kwa nguvu, mota ni nzima, rudi kwenye waya na swichi. Isipozunguka, hapo ndipo tuzungumze mtumba au mpya.

Hilo jaribio ni la dakika tano kava likishatoka. Mafundi wako wote wawili, kuna aliyefungua mlango?

BintiGungu
Hapana. Wote walibonyeza swichi tu, wakasikiliza, wakatoa bei.

Mzee_wa_Isevya
Binti yangu, basi ngoja nikueleze yaliyonikuta ili usipite nilipopita.

Mwaka juzi nilikuwa na Mark II, kioo cha dereva kikagoma hivyohivyo. Fundi mmoja hapa Tabora akasema mota. Nikaagiza ya mtumba. Ikaja baada ya siku nne, akaifungua boksi, akakuta ni ya kushoto wakati aliagiza ya kulia, au aliagiza vibaya mwenyewe, mpaka leo sijui. Mota za kushoto na kulia zimekaa kama viatu, hazibadilishani. Nikaagiza tena. Ya pili ikaingia, kioo kikapanda siku mbili, kikalala. Akasema hiyo mota nayo mbovu, mtumba ndivyo ulivyo. Nikakubali kununua mashine mpya nzima, mkasi wake (vile vyuma vinavyoinua kioo) na mota yake.

Sasa nilikuwa na safari ya Kigoma, msiba wa shemeji yangu, siwezi kusubiri. Nikaondoka alfajiri kioo kikiwa chini na gunia la plastiki nimelifunga dirishani. Kaliua mvua ikatukuta. Gunia likapasuka kabla ya Malagarasi. Mke wangu alikaa nyuma amejifunika kanga mbili, mimi mkono wa kulia na bega vimelowa mpaka Uvinza, nikaingia msibani natetemeka kama mgonjwa wa malaria. Nilikaa matangani siku tatu na kikohozi.

Kijana mmoja wa Ujiji, jirani wa marehemu, ndiye aliyenisaidia. Hakugusa mota. Alivuta ile raba ya kwenye bawaba, akakunjua nyaya mojamoja, akapata waya mmoja umekatika ndani, umeoza kijani. Akakata, akaunga kipande kipya kirefu kidogo ili usivutike, akachomea kwa risasi, akafunika. Kioo kikapanda. Nilimpa elfu 15, na ningempa zaidi kama ningekuwa nazo. Nilikuwa nimeshatumia karibu laki mbili kwa vitu ambavyo havikuwa vimeharibika. Zile mota mbili ninazo stoo mpaka leo na nikiziona roho inaniuma.

Fundi ambaye hajafungua mlango usimpe hela ya spea.

BintiGungu
Shikamoo mzee. Poleni sana kwa msiba na kwa hayo yote. Nimekuelewa vizuri.

Mzee_wa_Isevya
Marahaba mwanangu.

Kaka_Katubuka
Pole mzee, ila tatizo hapo ni fundi, si mtumba. Mimi nimefunga mota ya mtumba kwenye Noah, mwaka wa nne huu, haijanisumbua.

Chuma_Reli
Kaka, dada kasema kilikuwa kizito miezi mingi kabla ya kufa. Hapo hata waya ukipatikana, uzito bado upo. Mlango ukifunguliwa, zitazamwe raba za pembeni ambamo kioo kinapita. Vumbi letu likichanganyika na unyevu wa ziwa linakuwa kama simenti. Mota inasukuma kwa nguvu, inapata joto, na nyingi zina kikata umeme chake ndani kinachoizima mpaka ipoe. Ukiona kioo kinagoma halafu baada ya robo saa kinakubali, sababu ni hiyo. Ukifunga mota mpya kwenye raba kavu unaipeleka nayo kaburini.

Mama_Spea
Hapo kwenye raba nakubaliana kabisa. Lakini msimwambie mtu aweke oili. Nimeona vijana wanamimina oili chafu ya injini kwenye raba, siku hiyo kioo kinateleza, baada ya mwezi raba imevimba, imenasa vumbi lote la barabarani. Silikoni ya kupuliza ndiyo dawa.

Dereva_Makere
Silikoni ya kupuliza utaipata wapi Kasulu jioni? Kipande cha sabuni ya mche kikavu, unasugua ndani ya raba, kioo kinapanda. Tumefanya hivyo miaka yote.

Mama_Spea
Sabuni ikilowa inayeyuka, na kiangazi inakauka inakwaruza. Ni ya kukufikisha nyumbani tu.

Dereva_Makere
Kufika nyumbani ndiyo shida yake dada huyu. Mvua inanyesha leo.

Fundi_Waya_Tabora
Nyote wawili mna hoja. Kwanza isuguliwe kwa kitambaa chenye maji, vumbi litoke, ikauke. Kupaka kitu juu ya mchanga ni kazi bure.

Kuhusu cha kuzungusha, kwa gari yako sikushauri. Itabidi upate mkasi wa mkono wa mlango uleule, upande uleule, pamoja na mpini, kisha utoboe kava. Carina TI nilizofungua mimi zote zilikuwa za umeme, kwa hiyo hiyo mashine ya mkono sijui fundi ataitoa kwenye gari gani. Wengi wanalazimisha ya gari nyingine, kioo kinapanda kimelala upande. Na siku ya kuuza, mnunuzi atakikataa.

Na tafadhali, kuna jambo la hatari. Mashine ya mkasi huwa na springi nene iliyojikunja kama saa. Kioo kikiwa kimefunguliwa kutoka kwenye mkasi na ukatoa mota bila kuufunga mkasi kwa bolti au waya mgumu, mkono wa mkasi unaruka kwa nguvu ya kukata kidole. Kioo chenyewe kishikiliwe juu kwa selotepu pana kabla ya kulegeza kitu chochote. Mtu yeyote anayetaka kujaribu nyumbani na spana namba 10, asome hapa mara mbili.

Mwana_Ujiji
Nyongeza ndogo: ile nailoni iliyogandishwa ndani ya mlango, nyuma ya kava, isichanwe. Mafundi wengi wanaichana na kuitupa, halafu maji yanayoshuka na kioo yanaingia ndani ya gari badala ya kutokea chini. Na yale matundu ya chini ya mlango yazibuliwe tope. Mlango wangu ulikuwa na maji ya kujaza ndoo ndogo, mota imekaa ndani ya unyevu miaka.

BintiGungu
Nimejaribu swichi zote mbili usiku huu. Kimya kote. Kitufe cha kufungia vioo hakijabonyezwa. Nimeikunja ile raba ya bawaba huku mwanangu anabonyeza: hakuna kitu. Mara ya tano hivi nikasikia "tik" ndani ya mlango. Moja tu.

Fundi_Waya_Tabora
"Tik" bila kuzunguka kunaweza kuwa mota inapata umeme ila imeshikwa, au kaboni zimekwisha. Bado sikuambii ununue. Kuna mafundi wanaofunga kaboni mpya, wanasafisha ndani, wanapaka grisi, mota inarudi. Huo ni uchaguzi wako wa nne na ndio rahisi kuliko yote matatu, kama meno ya plastiki ya ndani hayajalika.

Kaka_Katubuka
Kaboni za kuchonga kutoka mota nyingine hazidumu. Agiza mota. Nina mtu Dar anaweza kuiweka kwenye basi kesho.

Chuma_Reli
Kwenye basi iandikwe jina na iwe kwenye boksi gumu. Mimi spea zangu huja kwa treni na hazijawahi kufika zimevunjika.

Kaka_Katubuka
Treni? Mpaka ikae Tabora, mabehewa ya Mwanza yatengwe na ya Kigoma, dada kioo kitakuwa kimeota uyoga.

Chuma_Reli
Basi nalo likikwama njiani na masika hii unasubiri vilevile. Nimepanda yote mawili mara nyingi kuliko unavyodhani.

Mama_Spea
Dada Gungu, kabla hujatuma hela popote, toa mota iliyomo, ipige picha namba zake na pande zote, tuma hizo picha kwa muuzaji. Mwambie naye apige picha ya yake kabla hajafunga. Ukifanya hivyo, kosa lililompata mzee wa Isevya halitakupata.

Mwana_Ujiji
Fundi kijana anayetajwa na mzee, kama bado yupo Ujiji, naomba nielekezwe mtaa tu. Nami kioo cha nyuma kimeanza uzito.

Mzee_wa_Isevya
Nitamuuliza shemeji yangu mwingine wa huko kesho nikuambie.

BintiGungu
Asanteni nyote. Jumamosi asubuhi nakwenda kwa fundi wa tatu, na sharti langu ni afungue mlango nikiwa nimesimama pale na aunge betri moja kwa moja. Kama mota itazunguka nitamwambia atafute waya. Kama haitazunguka bado sijaamua kati ya kaboni na mtumba, elfu 60 kwangu si ndogo mwezi huu. Hiyo silikoni, kuna aliyeiona Kigoma mjini wiki hii?

Dereva_Makere
Nitakuulizia. Sabuni ya mche unayo lakini?