Mjadala: Sitara ya aliyebakwa vitani ni ya nani?

Mtoa mada, Wete

Assalaam aleikum. Juzi barazani mtu mzima mmoja alisema mwanamke aliyebakwa wakati wa vita au machafuko akae kimya. Dini inataka sitara, na kesi itamvua nguo mara ya pili. Wengi waliitikia. Mimi sikukubali.

Tuangalie Arusha, kwenye Mahakama ya Rwanda, ile ya Umoja wa Mataifa iliyohukumu mauaji ya kimbari ya 1994. Jean-Paul Akayesu, meya wa Taba, alipoanza kushitakiwa, hati yake haikuwa na neno ubakaji. Mwanamke mmoja, katika ushahidi wake, akaeleza kwamba bintiye wa miaka 6 alibakwa. Katika jopo la majaji alikuwemo mwanamke mmoja tu, Navanethem Pillay. Juni 1997 mashitaka yakaongezwa, na tarehe 2 Septemba 1998, kwa mara ya kwanza, mahakama ya kimataifa ikahukumu kwamba ubakaji unaweza kuwa tendo la mauaji ya kimbari. Mashahidi walitajwa kwa herufi tu, JJ, OO. Majina yao yalisitirika, na mtenda akajulikana. Kwetu sisi huwa kinyume: tunamsitiri mtenda, halafu tunaita sitara. Jina la jambo hilo ni muhali, kuoneana haya kwa ujamaa.

Mchangiaji, Mkoani

Kaka yangu, nakuheshimu, lakini umeacha nusu. Mahakama ile haikuwa na uwezo wa kuwalipa fidia. Washitakiwa wenye virusi vya UKIMWI walitibiwa kizuizini Arusha, huku wanawake walioambukizwa kwa kubakwa wakifa Rwanda bila dawa. Haki gani hiyo? Na Pemba ni ndogo. Akisema leo, kesho soko zima linajua, na binti yake ataposwa na nani? Tarehe 31 Julai 2010 Wazanzibari tulipiga kura ya maridhiano, vyama hasimu viunde serikali moja ya umoja wa kitaifa, asilimia 66.4 tukasema ndiyo. Yaliyopita si ndwele.

Mtoa mada, Wete

La dawa umenishinda, sina la kujibu. Wallahi lile ni doa. Lakini linanifanya nidai zaidi: matibabu na fidia vitangulie, kesi ifuate kwa atakayetaka.

Maridhiano nami niliyapigia ndiyo. Waliokaa mezani walikuwa viongozi wa vyama. Januari 2001, vyombo vya dola vilipowapiga risasi waandamanaji wa upinzani, zaidi ya watu 2,000 walikimbilia Kenya, wengi kupitia Shimoni, na ripoti ya Human Rights Watch ya 2002 ilieleza kwamba hapa kisiwani, mbali na risasi na vipigo, watu walidhalilishwa kijinsia. Waliodhalilishwa nani aliwauliza kama wamesamehe?

Mama, Chake Chake

Wanangu, nimewasoma nyote wawili. Mnagawana sitara yetu kama shamba la urithi.

Nina jirani. Msimu wa karafuu tunakaa jamvi moja tunachambua, makonyo huku, karafuu huku. Mazungumzo yakifika mwaka ule, vidole vyake husita, kisha huendelea kwa kasi kuliko vyetu sote. Hatumuulizi, naye hasemi.

Lakini mtoto wa mtaani akidhalilishwa, yeye ndiye wa mwanzo kumfunga kanga na kumpeleka hospitali, kituo cha Mkono kwa Mkono, wanakohudumiwa waliodhalilishwa. Siku ya kesi huja na chupa ya chai, akakaa benchi na mtoto mpaka jina liitwe. Mara ngapi wazazi wenyewe hawakutokea, kwa kuwa mtuhumiwa ni jamaa! Yeye hutokea. Watu husema ana moyo wa chuma. Mimi nalichukia neno hilo, maana tukishamwita chuma hatumpi tena hata kiti.

Baada ya kuwasoma nilikwenda kwake. Nikamuuliza, kwa mara ya kwanza tangu tufahamiane, kama angetaka yake isikilizwe. Alinyamaza mpaka maji ya chai yakachemka. Akasema: "Awe mwanamke, mlango ufungwe, na mume wangu asiitwe kunisemea."

Haya, nani atamletea huyo mwanamke na huo mlango?