Nembo ya kundi la wasanii kuchu Arusha: milia sita au kitu kingine?

Njiro_Rangi
Wakuu, kuna kundi la wasanii kuchu (mashoga, wasagaji na wenzao) Arusha na Moshi: wachoraji, washonaji, wapiga picha. Wanahitaji nembo, rangi na herufi za fulana, stika na picha ya WhatsApp. Rasimu iliyopo ni upinde wa mvua wa milia sita juu ya Mlima Kilimanjaro, na nusu ya kundi hawautaki. Bajeti ndogo, usalama nao wa kuangalia. Mngeanzia wapi?

Skrini_Kavu
Mlima toa. Moshi hii kila mtu kauchora, kuanzia wa utalii hadi wa kahawa.

Milia sita kwenye fulana ni skrini sita za kuchapia, moja kwa kila rangi. Fulana ikiwa nyeusi unaongeza ya saba, wino mweupe wa chini, la sivyo njano inatoka kama tope. Skrini moja ikisogea milimita moja tu, milia inapandana. Gilbert Baker mwenyewe, aliyebuni bendera ya upinde wa mvua ya mashoga, San Francisco mwaka 1978, alianza na milia minane. Ule wa waridi uliondoka kwa sababu kitambaa chake kilikuwa adimu.

Anzeni na rangi moja. Ichapeni nembo nyeusi tupu, upana sentimita 1.5. Isiposomeka hapo, rangi haitaiokoa. Ya kudarizi, mstari usipungue milimita 1 na herufi milimita 5, maana uzi hufumba matundu ya "a" na "e".

Doti_Mbili
Mimi ningeiacha nembo kwanza, nichukue mpangilio wa kanga: pindo (ukingo), mji (mchoro wa katikati), jina (maneno yake). Pindo halibadiliki kwenye kazi yoyote, ndilo linalowatambulisha. Mji anapewa msanii wa zamu. Jina linakuwa fumbo, kama majina ya kanga yalivyo siku zote: anayeambiwa anajua kaambiwa, mpita njia anaona kanga tu. Kwa kundi lisiloweza kujitangaza, hapo ndipo penye nguvu.

Kinachosumbua ni kona. Ukigeuza tu kipande cha pembeni, mistari haikutani. Chora kipande cha kona peke yake. WhatsApp nayo hukata picha duara, kona zote zinapotea, kwa hiyo andaeni pindo la mviringo mapema. Wino wa rangi mbili unatosha, kitambaa chenyewe ni rangi ya tatu.

Shanga za Kimasai ziacheni, isipokuwa mwenye nazo yumo kundini na anataka.

Njiro_Rangi
Pindo nimelipenda. Wanaong'ang'ania rangi sita je? Na faili la kupeleka stationery?

Skrini_Kavu
Sita zibaki kwenye simu, kwa matumizi ya ndani. Huko hazina gharama ya wino.

Faili: PDF, herufi zote zigeuzwe maumbo, maana kompyuta ya stationery isipokuwa na fonti yenu inaweka yake. Stika ziongezewe milimita 3 kila upande za kukatia. Msitume kama picha ya WhatsApp, inabanwa. Tumeni kama hati, au bora flashi.

Usalama sasa: kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu, kifungo miaka 30 hadi maisha, kinaadhibu tendo la kujamiiana, si mchoro. Ila mchoro unaweza kumwelekeza mtu kwa mwenyewe. Programu nyingi huandika jina la mwenye kompyuta ndani ya PDF: fungua sifa za faili, ulifute. Faili liitwe "pindo_A3", basi. Kazi ikiisha lifutwe kwenye kompyuta ya pale, na kwenye pipa pia. Hapo ndipo wengi husahau.