Mrejesho: BMW 325i, oili nimemwaga mwenyewe

Wakuu, wiki mbili zilizopita niliuliza kama BMW 325i E90, injini ya N52, mtu anaweza kuibadilisha oili nyumbani, maana gereji walinitajia bei nikabaki nacheka. Inawezekana, ila Jumamosi yangu yote iliishia hapo.

Kumwaga si kazi. Niliwasha injini kidogo ipate joto, nikapandisha gari kwenye stendi (jeki peke yake siiamini), nati ikafunguka kwa soketi ya 17. Kilichonitesa ni kifuniko cha filta, kule juu. Yule mkuu aliyeniambia ninunue soketi yake ya milimita 86 nilimwona mpenda gharama. Nikaleta ujuaji na spana ya mnyororo, ikaanza kung'ata plastiki. Nikasalimu amri, nikamtuma bodaboda dukani. Ilipofika, kifuniko kikaachia kwa mkono mmoja. Samahani mkuu.

Ringi ya raba ya zamani ilikuwa ngumu kama ganda la muwa. Mpya nikaipaka oili, nikakaza kifuniko kwa 25 Nm (kipimo cha nguvu ya kukaza), imeandikwa palepale juu yake.

Imekula lita 6.5 za 5W-30 yenye LL-01, yaani kibali cha BMW wenyewe. Dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili, haina, na deshibodi ikagoma kutoa kipimo mpaka injini ipate moto. Nikazunguka mtaa, nikaegesha pa tambarare: imejaa. Usiku niliweka boksi chini, asubuhi kavu kabisa.

Sasa dumu la oili chafu liko barazani na mama watoto kashaliulizia mara mbili. Nyie mnazipeleka wapi?